Sura ya Tano: Kwa Nini Kunyimwa Mkono Kunauma?

Swali hili huulizwa msibani, harusini, kazini na hata kwenye vibanda vya kuangalizia mpira, kila mahali kwa maneno yake: nikimnyooshea mtu mkono akauacha hewani, mbona naumia hivyo? Hakunitukana, hakunipiga, hakuchukua changu. Pengine hata ameitikia "salama" kwa mdomo. Ukiitafuta hasara huioni, lakini moyo unajua kuna kitu kimekataliwa, na waliokuwa pembeni wanakijua vilevile. Walimu wa adabu hujibu kwa orodha ya masharti: mkubwa aanze, shika kwa kiasi, mtazame mwenzako usoni. Masharti hayo yana faida yake, ila hayagusi swali lenyewe. Yanaeleza mkono unatolewaje bila kueleza unafanya kazi gani.

Hoja ya sura hii ni moja. Kupeana mkono ni mapatano mafupi kati ya watu wawili, yanayofungwa mbele ya yeyote aliye karibu, kwamba kwa wakati huu wewe na mimi tumetambuana na hatuna neno. Salamu ya mdomo mtu anaweza kuitoa peke yake. Unaweza kumwamkia hata aliyekupa mgongo. Mkono haukamiliki mpaka wa pili aupokee. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka: aliyekunyima mkono hakusahau adabu tu, amekataa mapatano, tena hadharani. Tukilishika hilo, masharti tunayofundishwa tangu utotoni yanaanza kueleweka, na tunapata pia njia ya kukataa mkono, pale inapobidi, bila kumkataa mtu.

## Maelezo ya silaha na upungufu wake

Ukiuliza asili ya kupeana mkono, mara nyingi utaambiwa kwamba zamani watu walitembea na silaha, basi aliyekunyooshea mkono wa kulia ulio wazi alikuonyesha kwamba hakushika upanga. Wengine huongeza kwamba mkono ulitikiswa ili kuangusha kisu kilichofichwa ndani ya vazi. Maelezo haya yamerudiwa mno hata yakachukuliwa kuwa jambo lililothibitishwa. Yanakumbukika kwa urahisi, na yana chembe ya busara, kwa kuwa kiganja kilicho wazi ni dalili ya amani katika jamii nyingi.

Lakini yakipimwa hayafiki mbali. Kwanza, kama shabaha ni kuonyesha mkono mtupu, kuinua kiganja ukiwa mbali kunatosha, tena ni salama kuliko kumsogelea mtu usiyemwamini hadi akufikie. Pili, mkono wa kushoto unabaki huru, nao unaweza kushika jambia. Tatu, na hili ndilo zito, picha nyingi za kale za watu walioshikana mikono hazionyeshi wapita njia wanaohofiana. Katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, wachongaji wa Athens walipamba mawe ya makaburi kwa picha za mume na mke, au mzazi na mwanawe, mmoja ameketi na mwingine amesimama, wameshikana mikono ya kulia. Mmoja wao ni marehemu. Hakuna anayekaguliwa silaha pale. Kinachotangazwa ni kwamba kifungo kilichowaunganisha hakikukatwa na kifo.

## Mikono miwili mbele ya mashahidi

Miongoni mwa picha za kale zaidi za kupeana mkono ni ile iliyochongwa kwenye jukwaa la kiti cha enzi cha Shalmaneser wa Tatu, mfalme wa Ashuru, dola ya kale iliyokuwa katika nchi ya Iraki ya leo. Ni kazi ya karne ya 9 kabla ya Kristo, na ilifukuliwa Nimrud. Mfalme ameshikana mkono wa kulia na Marduk-zakir-shumi, mfalme wa Babeli, ambaye Shalmaneser alikuwa amemsaidia kuzima uasi wa ndugu yake. Watumishi wamejipanga nyuma ya kila mmoja. Wawili hawa hawajuliani hali. Wanatangaza mapatano, na mchongaji alijua kwamba hata asiyeweza kusoma angeelewa. Warumi nao walichonga mume na mke walioshikana mikono ya kulia, na walipiga sarafu zenye mikono miwili iliyofumbatana kuashiria uaminifu na umoja.

Msomaji wa mwambao hana haja ya kwenda Roma. Mahali pengi kuanzia Lamu hadi Kilwa, ndoa ya Kiislamu ikifungwa, bwana harusi huketi akitazamana na walii, yaani mwanamume wa upande wa bibi harusi mwenye haki ya kumwozesha, au na sheikh aliyepewa uwakilishi. Wanashikana mikono ya kulia. Walii anatamka kwamba amemwozesha binti fulani kwa mahari waliyopatana. Bwana harusi anajibu kwamba amekubali kumwoa kwa mahari hayo. Mashahidi wamesogea, masikio wameyatega, na jibu likimezwa na woga huambiwa alirudie kwa sauti. Mikono haiachiani mpaka neno litimie. Kisheria ndoa imefungwa na matamshi. Kushikana mikono si nguzo ya ndoa. Hata hivyo watu hawataki kuiacha desturi hiyo, kwa sababu mikono inayaonyesha macho kile ambacho maneno yanayaambia masikio: wawili wamepatana kwa hiari.

Mfano wa tatu unatoka sokoni. Katika minada ya mifugo ya Wasomali, dalali na mnunuzi hupatana bei kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, kila kidole na mbano wake ukiwa na thamani yake. Bei ni siri yao wawili, ila kila aliyesimama pale anaona kwamba mazungumzo yanaendelea, na mikono ikiachana anajua yamekwisha. Kaburini, kwenye ndoa na mnadani, mkono una kazi ileile: unawafunga wawili, na unawapa wengine kitu cha kushuhudia.

Kwa ufupi: maelezo ya silaha hayatoshi. Katika mifano ya zamani na ya karibu, mkono unafunga mapatano baina ya wawili mbele ya watu. Salamu ya mkono ni mapatano hayo kwa kipimo kidogo.

## Masharti ya mkono yakisomwa upya

Tukichukua kwamba mkono ni mapatano, adabu zake hazibaki tena amri zisizo na sababu:

- Nani aanze? Kwa desturi ya wengi, mdogo huamkia kwa mdomo, mkubwa akatoa mkono. Mwenye nafasi ya juu ndiye mwenye uwezo wa kusema "sogea", kwa hiyo yeye ndiye anayefungua mapatano.
- Mkono wa kushoto kwenye kigasha. Anayempa mkono mzee wake hushika kigasha au kiwiko cha mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akainama kidogo. Anakubali kutambuliwa bila kujifanya rika.
- Mkono wa kushoto haupeanwi. Ndio wa kujitawadhia, kwa hiyo kumpa mtu huo ni kumshusha. Lakini Maskauti duniani kote husalimiana kwa mkono wa kushoto na hakuna anayekasirika, maana wamekubaliana hivyo.
- Muda. Sehemu nyingi za Tanzania bara watu hawaachiani mpaka habari za nyumbani, za kazi na za watoto ziishe. Anayeuchomoa mkono mapema anaonekana kuyakatisha mapatano.
- Msibani. Anayetoa mkono wa pole hahitaji maneno mengi. Amekuja, ameonekana, na mfiwa ameupokea mkono wake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo orodha haiwezi kulibeba. Salamu nyingi za mwili zimeundwa ili kuonyesha nani yuko juu. Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Katika nyumba nyingi za mwambao mjukuu huubusu mkono wa babu. Buganda, kwa mila, mwanamke hupiga magoti. Salamu hizo zina uzuri wake, na hakuna sababu ya kuzidharau. Mkono kwa mkono, kinyume chake, hauna juu wala chini. Viganja viwili vinakutana katikati. Ndiyo maana wale wa dhehebu la Marafiki, wajulikanao pia kama Quakers, walioanza Uingereza katika karne ya 17 na kufika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walikataa kuwainamia wakubwa na kuwavulia kofia, wakaona kupeana mkono kunatosha. Hadi leo, katika ibada zao za kimya, ibada hufungwa kwa kupeana mikono.

Usawa huo ndio uliolipa uzito tendo la Diana, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, tarehe 9 Aprili 1987. Katika hospitali ya Middlesex, London, alimpa mkono mgonjwa wa UKIMWI bila kuvaa glavu. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba kugusana tu kunaambukiza, na unyanyapaa, yaani kumtenga mtu kwa sababu ya hali yake, ulikuwa umeshamiri. Hotuba kuhusu huruma ingesahaulika upesi. Mkono ulisema mbele ya kamera kwamba mgonjwa yule ni mtu wa kupewa mkono kama mwingine yeyote.

## "Hayo ni mazoea tu"

Pingamizi la kwanza ni la haki: pengine tunalitafutia maana kubwa jambo ambalo watu hulifanya kwa mazoea, bila kuwaza. Tukubali sehemu yake. Umbo la salamu kweli ni la kujifunza, na ushahidi mzuri tunao Tanzania. Katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe wawili wakichambuana manyoya huweza kukaa wakitazamana, kila mmoja akainua mkono, viganja vikashikana juu ya vichwa vyao, huku mikono mingine ikiendelea na kazi. Watafiti William McGrew na Caroline Tutin waliieleza desturi hiyo mwaka 1978, wakashangaa kwamba sokwe wa Gombe, walio kwenye ziwa hilohilo, hawaifanyi. Wao wakiinua mkono hushika tawi. Ikiwa sokwe wa aina moja wanatofautiana hivyo, hatuna haja ya kudai kwamba kupeana mkono ni maumbile ya binadamu.

Lakini jambo kuwa la mazoea hakulifanyi likose maana. Kipimo ni kuangalia kinachotokea linapoachwa kwa makusudi. Tarehe 11 Februari 2012, kwenye uwanja wa Old Trafford, Luis Suárez wa Liverpool alikuwa anapita mstari wa wachezaji wa Manchester United kabla ya mechi. Alikuwa ametoka kutumikia adhabu ya kufungiwa mechi nane kwa kumtolea Patrice Evra maneno ya kibaguzi. Alipomfikia Evra aliuruka mkono wake, akaendelea na wa mbele. Rio Ferdinand naye akamnyima Suárez mkono. United walishinda 2–1, lakini gumzo la dunia halikuwa mabao. Siku iliyofuata Suárez na klabu yake waliomba radhi. Kwa mazoea matupu, nani angeomba radhi?

Mfano wa pili unaenda ndani zaidi. Tarehe 27 Julai 2023 mjini Milan, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa vitara, Olha Kharlan wa Ukraine alimshinda Anna Smirnova wa Urusi. Nchi zao zilikuwa vitani. Pambano lilipoisha, Smirnova alisogea kutaka mkono. Kharlan alinyoosha kitara chake ili vigongane, kisha akaondoka. Smirnova alibaki ukumbini, akaletewa kiti, akakaa kupinga. Kharlan akaondolewa mashindanoni, kwa kuwa kanuni ililazimisha mkono. Baada ya siku chache tu shirikisho la mchezo huo lililegeza kanuni: wachezaji wangeruhusiwa kusalimiana kwa silaha bila kugusana. Pande zote mbili zilijua kinachogombewa. Kharlan alikuwa tayari kumheshimu mpinzani wa mchezo. Hakuwa tayari kuutangazia ulimwengu kwamba hawana neno.

## "Lakini watu hupeana mikono wakasalitiana"

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama mkono ni mapatano, mbona mapatano yake huvunjwa kila siku? Tarehe 13 Septemba 1993 Yitzhak Rabin na Yasser Arafat walipeana mkono mbele ya Ikulu ya Marekani, na amani iliyotarajiwa haikudumu. Wakenya nao wana mifano yao. Tarehe 28 Februari 2008, nje ya Harambee House jijini Nairobi, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipeana mkono baada ya kutia sahihi makubaliano yaliyosimamiwa na Kofi Annan, kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi. Miaka kumi baadaye, tarehe 9 Machi 2018, Raila alisimama kwenye jengo hilohilo akapeana mkono na Uhuru Kenyatta, kufuatia mvutano wa uchaguzi wa 2017. Safari hii tendo lenyewe ndilo lililoupa mwafaka jina: magazeti na wananchi wakauita "handisheki". Joto la siasa lilishuka. Mradi uliozaliwa nao, wa kubadilisha katiba, ulikwamishwa na mahakama, na wapo waliolalamika kwamba mkono ule uliwaunganisha wakubwa ukaacha bunge bila upinzani wa kweli.

Jibu ni kwamba mapatano kuvunjika si ushahidi kwamba hayakuwepo. Msaliti huhitaji mkono uwe na maana. Kama haukuwa na thamani yoyote, usingefaa hata kwa kudanganyia. Malalamiko ya Wakenya yanathibitisha jambo hilohilo: watu walikasirika kwa sababu waliuchukulia mkono ule kuwa ahadi, wakauliza ni ya nani na nani, na wao waliwekwa wapi. Hapa ndipo mpaka wa mkono unapoonekana. Mkono unatangaza kwamba kuna mapatano bila kuyaandika. Kwa watu wawili wanaokutana njiani hilo linatosha, kwa sababu wanachopatana ni kidogo: tumetambuana. Kwa mataifa na vyama halitoshi. Jambo linapokuwa kubwa kuliko kutambuana, mkono bila maandishi huacha kila upande ujaze maneno yake.

Kwa ufupi: umbo la salamu ni mazoea, lakini kuiacha kwa makusudi kunasomwa na wote. Mkono unaweza kusema uongo, sawa na neno lolote lenye maana.

## Mkono unapozuiwa na maradhi au dini

Pingamizi la mwisho linatokana na yale tuliyoyapitia karibuni. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakazi wa Beni na Butembo waliambiwa waache kupeana mikono. UVIKO-19 ilipoingia, agizo hilo likaenea dunia nzima. Nalo lilikuwa na msingi: jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, mwaka 2014 lilionyesha kwamba kugongana ngumi, ile salamu ambayo vijana wa Kenya huiita kugotana, huhamisha vijidudu kidogo sana kuliko kupeana mkono. Sasa mtu atauliza: kama mkono ni wa lazima hivyo, mbona tuliuacha na dunia ikaendelea?

Angalia tuliuachaje. Hatukubaki na mikono mfukoni tukaitikiana kwa mdomo tu. Mwanzoni mwa Machi 2020, hata kabla Tanzania haijatangaza mgonjwa wa kwanza, Rais John Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad, wanasiasa wa kambi mbili zilizovutana kwa miaka, walisalimiana Ikulu, Dar es Salaam, kwa kugusanisha miguu. Picha ilisambaa, na watu wakacheka, wakaelewa. Wengine walitumia viwiko, wengine ngumi, wengine kiganja kifuani. Wote walitafuta tendo la watu wawili linaloonekana. Kiungo kilibadilika, kazi ikabaki.

Hilohilo linatusaidia kwenye suala la dini. Waislamu wengi huona kwamba mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wanaoweza kuoana, hawapaswi kugusana. Zanzibar au Mombasa jambo hili halileti kelele: mtu huweka kiganja kifuani, huinamisha kichwa, huuliza hali kwa bashasha, na mapatano yamefungwa. Denmark ilichagua njia nyingine. Tangu Januari 2019, anayepewa uraia wa nchi hiyo alitakiwa kumpa mkono kiongozi wa hafla, bila glavu. Watunga sheria walielewa vyema kwamba mkono ni mapatano. Walichosahau ni kwamba mapatano yanayolazimishwa hupoteza kile kinachoyafanya yawe mapatano. Mwaka 2020 ugonjwa ulipozuia kugusana, hafla hizo zilisimamishwa, na waliokuwa wamekwishatimiza masharti yote ya uraia wakasubiri kwa sababu ya kiganja.

## Kukataa mkono bila kumkataa mtu

Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu. Kunyimwa mkono kunauma kwa sababu umependekeza mapatano mbele ya watu ukakataliwa. Na jibu hilo linatoa mwongozo kwa yeyote asiyeweza au asiyetaka kupeana mkono, awe ana mafua, ana mikono yenye unga, au ana sababu ya kiimani:

1. Wahi. Weka kiganja kifuani kabla mwenzako hajanyoosha mkono. Anayewahi amependekeza salamu nyingine. Anayechelewa amekataa ya mwenzake.
2. Lipa kwa kitu kinachoonekana. Tabasamu, kuinama au kiganja kifuani vinaonekana na walio pembeni, ambao nao ni sehemu ya jambo.
3. Taja sababu kwa maneno machache. "Samahani, nina mafua" inatosha.
4. Usilazimishe. Ukikuta mwenzako hatoi mkono, pokea alichokupa. Kung'ang'ania ni kumwekea sahihi asiyoitaka.

Anayefuata haya hajaivunja adabu, kwa sababu adabu haikuwa ndani ya kiganja. Ilikuwa katika kukubali, mbele ya watu, kwamba aliye mbele yako ni mtu wa kupatana naye. Anayemnyima mwenziwe hilo asijitetee kwamba alikuwa na mafua, na anayelitoa kwa moyo hadaiwi mkono.